Bomba Lililopita Kitandani kwa Mama

Wiki iliyopita sinki la jikoni kwangu lilianza kuvuja, nikamwita fundi. Akaja kijana wa Kibangali, mwembamba kama mpini wa ufagio, akajikunja chini ya sinki mpaka nikawa nazungumza na visigino vyake. Nikamtania kwa Kiarabu changu cha sokoni kwamba akikwama humo asijali, nitamwekea sahani ya wali pembeni. Akacheka. Halafu akafungua kopo la gundi ya mabomba, na mdomo wangu, ambao mume wangu anasema haujapata siku ya mapumziko tangu tuoane, ukafunga wenyewe.

Harufu ile nyote mnaijua. Tamu na kali, kama ndizi iliyoiva kupita kiasi halafu ikamwagiwa mafuta ya taa. Kwa mtu mwengine ni harufu ya fundi, basi. Kwangu mie ni harufu ya chumba kimoja cha uani, Suwaidi, Riyadh, wakati wa baridi, na mama yangu amelala upande wa ukuta.

Baba alikuwa chumbani anajitayarisha kwa sala ya alasiri. Siku hizi anakaa na mimi hapa Safa, Jeddah, ananilia mikate yangu na kunisifia mikate ya watu wengine. Harufu ikamfikia na yeye. Akatoka, akasimama mlangoni mwa jikoni, kanzu haijafungwa kifungo cha shingo. 

Sie ni watu wa Jeddah, na watu wa Jeddah baridi hatuijui, tusidanganyane. Mabibi zetu walipotoka Unguja walikuja na Kiswahili, mbuzi za kukunia nazi na ugomvi wao wa zamani, sweta hakuna aliyebeba. Nilipokuwa mtoto, baridi kwangu ilikuwa kitu kinachotoka kwenye AC, na AC zilikuwa za baba. Baba alikuwa fundi wa AC. Alifanya kazi kwa kafili, yaani tajiri aliyemdhamini kibali, mwenye nyumba nyingi, na ukimuuliza siri ya kazi yake atakwambia jambo moja tu: maji yatoke nje. AC ikipoza inatoa maji, na bomba la maji lazima liinamie nje, usibishe. Liinamie ndani uone, mwenye nyumba ataamka godoro linaelea. Huko nje chini ya bomba mama alikuwa anakinga ndoo. Maji yale alipigia deki, alipigia pasi, mpaka mrihani wake akaumwagilia. Akiyaita maji ya bure, na akipita jirani ambaye hana ndoo chini ya AC yake, mama alimhurumia kama mtu aliyefiwa.

Halafu mama akaanza kuumwa. Nilimsikia bibi akisema damu ya mama imekuwa maji. Nikakaa siku nyingi nikivitazama vidole vyake, nikingoja ajikate na kisu nione kama atatoka maji meupe kama ya AC. Hakujikata. Ila alianza kusikia baridi, Jeddah hii hii, mwezi ambao paka wanalala chini ya magari wamefungua miguu. Anakaa na shali, analalamika kwamba vigae vinamuuma nyayo.

Hospitali iliyokuwa na dawa yake ilikuwa Riyadh. Kafili, Mungu amlipe, akamwambia baba tuhamie kwenye mulhak ya nyumba yake kubwa ya Suwaidi, yaani chumba kimoja na choo, nyuma ya nyumba, kimeegemea stoo. Baba atakuwa dereva wake na fundi wake, mama atatibiwa. Tukaenda. Asubuhi ya kwanza nilitoka uani, nikavuta pumzi, nikaona moshi unanitoka mdomoni. Nikarudi ndani mbio kumwambia mama naungua matumbo. Mama alicheka mpaka akakohoa, akamwambia baba, "Mwanao huyu tusipomrudisha Jeddah upesi atatuitia zimamoto."

Ile baridi ya Riyadh haina adabu. Inapita chini ya mlango, inapanda kwenye vigae, inaingia blanketi. Baba alimnunulia mama blanketi zito la manyoya kule soko la Dira, lenye picha ya simba, na mama akasema kulala na simba amelala, joto hajaliona. Tukaleta kidafaya, kile kihita cha umeme chenye waya mwekundu, kikamkausha kifua, akawa anakohoa kutwa. Daktari akakikataza. Mkaa ndio usiseme, watu wanalala nao chumbani hawaamki. Kwa hiyo baba akawa na kazi moja tu kichwani, na hata mie mtoto niliijua: mama apate joto.

Ndipo ikaja ile mashine. Kafili aliwahi kusoma nchi za theluji huko, na alikotoka alirudi na shahada na mapenzi ya mashine za watu wa theluji. Akaagiza dafaya ya gesi, kubwa kama friji, ya kupasha joto nyumba kubwa yote kupitia njia za AC. Mahali pake pakawa stoo, nyuma ya ukuta wetu. Mashine yenyewe ilikuwa inahitaji kupumua, baba alinieleza: bomba moja la plastiki jeupe linavuta hewa ya nje, la pili linatoa moshi wake. Na akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekuonyesha peremende mfukoni, kwamba penye moto, bomba la moshi lazima liwe la moto.

Njia fupi ilikuwa kutoboa ukuta wa stoo, bomba litokee nje, halas. Lakini pale nje palikuwa na dirisha la jikoni la nyumba kubwa. Baba akamwambia kafili moshi utawaingilia jikoni, bora bomba lipitie mulhak litokee upande wa barabara. Ilikuwa kweli. Ila kulikuwa na kweli nyengine hakuisema: njia yake ilitoka stoo, ikaingia chumbani kwetu, ikapita ukutani karibu na sakafu, ubavuni mwa kitanda cha mama, kichwani mpaka miguuni, ndiyo ikatoka barabarani. Kafili akasema yalla, fanya unavyoona.

Siku zile chumba chetu kilikuwa karakana. Baba anakata bomba kwa msumeno, unga mweupe unanyesha juu ya simba wa blanketi. Anasugua mdomo wa bomba kwa msasa, anapaka dawa ya zambarau, halafu gundi, anasukuma bomba ndani ya elbo, kile kiungo cha kona, anazungusha kidogo, anashikilia akiwa amefumba macho kama anayesoma dua. Mlango tunaacha wazi kwa sababu ya harufu, mama anajifunika mpaka puani, macho tu yako nje, na macho yale hayakukaa kimya. Alimwita baba bwana fundi. Bwana fundi, mbona bomba lako lina viwiko vingi kuliko mie? Bwana fundi, ukimaliza hapo niunganishie na chai. Baba anacheka kwa mabega.

Ndani ya nyumba kubwa alikuwepo Auntie Mwende, Mkenya, ndiye aliyekuwa anapika na kufagia huko. Akipata nafasi anatokea na bakuli la supu chini ya mtandio, anakaa na mama. Mama Mwislamu, yeye Mkristo, mmoja ana Kiswahili cha Unguja, mwengine chake kimechanganyika na Kiingereza, na walielewana kuliko mabibi zangu wa tumbo moja. Siku mashine ilipowashwa mara ya kwanza alikuwepo. Baba alikuwa ameshafanya kama alivyozoea maisha yake yote: ameweka pima maji juu ya bomba, ameliinamisha kuelekea nje. Na kweli, muda si mrefu maji yakaanza kudondoka huko barabarani. Mama akaniambia kitandani pale pale nikakinge ndoo, Riyadh nako kumbe kuna maji ya bure.

Auntie Mwende akawa amekishika kitabu cha maelezo kilichokuja na mashine, anakisoma kwa Kiingereza midomo ikichezacheza. Akasema, "Fundi, si hivi. Hii inasema pipe irudi nyuma. Maji yote yarudi kwa mashine, ndiyo yaende drain. Na usiguse hayo maji, Kadogo, ni makali, si ya kupigia pasi." Kadogo ndiye mie, ndivyo alivyoniita.

Baba akamwambia hilo haliwezekani, maji hayarudishwi ndani, yeye anatengeneza mabomba ya maji tangu hajaota ndevu. Auntie Mwende akamwekea kidole kwenye picha. Baba akaitazama ile picha kwa muda. Tatizo la gundi ile, ikishakauka haina kusameheana. Ikabidi akate kila kiungo, anunue elbo nyengine, aanze upya. Mama akamwambia usihuzunike bwana fundi, wewe mtu wa Jeddah, umezoea kila kitu kukitoa nje.

Mara ya pili pima maji iliwekwa kinyume, bomba likapanda taratibu tangu mashine mpaka nje, ukutani likapita pale pale, ubavuni mwa mama. Baba akapaka povu la sabuni kwenye viungo, akawasha, akapiga magoti akitazama kama povu litafura. Halikufura. Bomba likaanza kunong'ona, na ndani yake maji yakawa yanarudi yakigugumia kama tumbo la mtu mwenye njaa. Baba akamshika mama mkono, akauweka juu ya bomba, na yeye akauweka wake pembeni.

Wakakaa hivyo.

"Moto," mama akasema.

"Eh," baba akasema. "Moto."

Mie nikakimbia na mkono wangu. Bomba lilikuwa limepoa kama bomba lolote. Nikapeleka mkono kule linapoingilia kutoka stoo, pale lilikuwa vuguvugu kidogo, kama chai aliyoisahau mtu. Nikarudi tena kwa mama, hakuna kitu.

Siku ya pili kafili alikuja kulikagua, amefurahi kama mtoto wa Idi. Akaligonga bomba kwa pete, akatueleza uhodari wa mashine yake: za zamani zilitupa nusu ya moto nje kwenye moshi, hii haitupi. Inakamua joto lote lende nyumbani, kinachotoka kwenye bomba ni pumzi tu. Ndiyo maana bomba ni la plastiki, likiwa la moto si lingeyeyuka? Akacheka. Baba akasema kweli kabisa, bosi. Mie nilisikia kila neno wala sikuunganisha. Nilikuwa natazama pete.

Lakini jambo la mkono wangu lilinikera. Nikamwambia mama bomba lake si la moto. Akaniangalia, akanivuta karibu, mdomo wake ukiwa baridi sikioni mwangu, akaniambia, "Joto hili linamjua mgonjwa. Wewe mzima hulisikii. Na usimwambie baba yako, atataka kuugua na yeye alisikie."

Sasa mtoto akiambiwa hivyo na mama yake afanye nini? Nikaamini kama ninavyoamini jua. Joto la wagonjwa. Ilikuwa na maana kabisa, kwani dawa si ndivyo zilivyo? Mtu mzima hanywi. Na kwa akili zangu za haraka, ambazo mwalimu wa skuli alisema zitanifikisha mbali na hazikunifikisha hata sekondari, nikapata hesabu yake ya kinyume: siku mama atakaposema bomba ni baridi, siku hiyo amepona.

Basi nikawa daktari. Kila nikiamka kitu cha kwanza naweka mkono kwenye bomba, nione kama nimeugua. Sijaugua. Halafu namuuliza mama. Bomba vipi leo? Moto. Nasikitika, naenda kupiga mswaki. Kila jioni baba akirudi na gari la kafili, kabla hajavua viatu, anainama analigusa. "Moto huu, bibie, utaungua." Na mama anamjibu, "Nimeshaiva, nitie chumvi." Nikawaza kumbe na baba anaumwa, maskini, na hasemi. Nikaanza kumwachia kipande changu cha kuku.

Mama alipungua. Mie niliona tu kwamba simba wa blanketi anazidi kuwa mkubwa. Safari za hospitali zilianza kwa yeye kutembea mpaka garini, zikawa baba anambeba. Utani ulipungua pia, ukawa wa neno moja moja. Auntie Mwende alileta supu, ikarudi kama ilivyokuja. Nyumba kubwa, siku moja nilipotumwa vikombe, kulikuwa na joto kama Jeddah. Watoto wa kafili walikuwa peku juu ya vigae, wanakula aiskrimu. Nikawaonea huruma, nikajua wote wanaumwa.

Ilikuwa mchana, baada ya adhuhuri. Baba alikuwa uani ameinamia injini ya gari. Mie niko kitandani na mama, kwa upande wa nje, yeye upande wa bomba, kama kawaida yetu. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Halafu akatoa mkono wake ndani ya blanketi, akauweka kwenye bomba, akauacha pale. Sikumuuliza. Siku hiyo nilisahau hata kumuuliza. Alisema mwenyewe, polepole, hata sijui alikuwa ananiambia mie au anajiambia.

"Baridi bomba hili, mwanangu. Baridi."

Nyie, nilivyoruka. Sikuvaa viatu. Nilipita mlangoni nikajigonga bega, nikatokea uani napiga kelele mtaa mzima wa Suwaidi unisikie. Baba, mama amepona. Amesema bomba baridi. Amesema mwenyewe, sikumfundisha. Auntie Mwende akatoa kichwa dirishani jikoni, mikono ina unga. Mie nacheza ngoma peku juu ya sakafu ya barafu, naimba baridi, baridi, bomba baridi.

Baba akanyanyuka kutoka kwenye injini. Alikuwa ameshika spana. Aliniangalia kama mtu aliyeitwa kwa jina na asimjue anayemwita.

"Amesema hivyo?"

Wallahi amesema. Nikamweleza na kanuni yote, haraka haraka, kwamba joto linamjua mgonjwa, mzima halisikii, na yeye baba asijali, tutamtibu pia. Akaiweka spana juu ya injini taratibu, kama kitu cha kioo. Akafuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Nikamshika kidole nimvute aende akaone.

Alipoingia, mama alikuwa bado ameweka mkono pale. Wakatazamana. Nilitegemea washangilie. Mama akasema, kwa sauti ndogo, "Neno limenitoka tu."

Baba hakuligusa bomba siku ile. Alikaa mwisho wa kitanda, akafunua blanketi, akaitoa miguu ya mama. Soksi mbili mbili, akazivua zote. Akafungua vifungo vya shati lake, yeye aliyekuwa hata jasho la Jeddah halimfungui kifungo mbele ya watu, akaichukua ile miguu akaiweka kwenye tumbo lake, ngozi kwa ngozi, akafunika kwa shati na kwa mikono. Nikaona ameshtuka kwa baridi yake. Hakuitoa.

"Na hapa?" akauliza.

Mama alifumba macho. 

"Hapa moto," akasema.

Nikavunjika moyo. Nilijua mambo yameharibika, kwa sababu kama amesikia joto, basi bado mgonjwa. Nikaenda nikasimama mlangoni nikalia kwa hasira, hasira ya mtu aliyeshangilia goli likakataliwa. Auntie Mwende akanikuta pale na unga wake mikononi, akachungulia ndani, akanikumbatia mpaka nikawa mweupe kama chapati.

Tulimzika Riyadh. Baba alikaa vile na ile miguu kila alipopata nafasi mpaka ilipokuwa hapana tena haja. Watu walipomaliza kuja kutoa pole, alichukua msumeno akaja kulitoa bomba, akalipitisha njia fupi ya stoo akaligeuza lisielekee dirisha la jikoni, kumbe ilikuwa kona moja tu. Chumbani kukabaki matundu mawili ukutani na alama ya vishikio ubavuni mwa kitanda.  Harufu ya gundi ilikaa chumbani mpaka tunarudi Jeddah.

Nimekua nikaelewa, kidogo kidogo, kama maji yanavyorudi kwenye bomba lile. Kwamba baba alijua bomba ni baridi tangu mkono wake ulipofika pale mara ya kwanza. Kwamba mama alijua kuwa anajua. Jioni zote zile za moto huu utaungua na nitie chumvi, walikuwa watu wawili wanaota moto kwenye bomba la baridi, na kila mmoja anamkaribisha mwenzake ajisogeze karibu. Na mie katikati, daktari wao, nangoja habari njema.

Yule kijana wa Kibangali akamaliza, akatoka chini ya sinki na utando wa buibui kichwani. Nikafungua maji, hayakuvuja. Akaenda zake. Baba akaja akainama, magoti yakilia, akaweka kiganja juu ya lile bomba jipya jeupe linalopitisha maji ya baridi. Nikadhani anakagua kiungo. Hakuwa anakagua kiungo. Aliuacha mkono pale, akaniangalia.

 Nikapiga magoti karibu yake, nikaweka mkono wangu pembeni ya wake.

"Moto," nikasema.

"Eh," baba akasema. "Moto."